Waliofungwa Bila Kesi, Wapokelewe?

Juzi sokoni Tsoka, redio ya mama mshonaji ilisema nchi moja ya Afrika imewapokea wanaume wawili waliofungwa miaka mingi na taifa kubwa bila kufikishwa mahakamani. Papa mmoja, mzee wa Bukavu anayengoja katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka apelekwe ng'ambo, aliruka katikati ya kupimwa kiuno.

"Bantu ya gereza! Batupite sisi ku mstari?"

"Tulia, Papa," mama alimwambia, kamba ya kupimia mkononi. "We pia si balikufunga kule bila kesi? Njo maana ulikimbia."

Papa alishusha mikono, akafikiri.

"Basi, babapokee. Lakini bapange mstari nyuma yangu!"

Tulicheka wote. Ila mimi nasema wazi: wengi wanaopinga hawajawahi kufungwa wala kungoja. Huyu amefanya yote mawili, na bado amewaachia nafasi, hata kama ni nyuma yake.