Nyungo Nilizosema Nimezisuka Mimi

Tulipohamia vyumba viwili vya kupanga mtaa wa Bwiza, mimi na mume wangu, nilitaka sebule nzuri kuliko uwezo wetu. Fundi cherehani alinipa vipande vya vitenge, nikaviunga vikawa mapazia. Seremala mmoja wa Cibitoke alitutengenezea meza kwa mbao za masanduku yaliyotupwa. Ukabaki ukuta mmoja mkubwa, mtupu.

Jirani yetu, mama mjane, alikuwa akisuka nyungo uani. Nilimwomba zile zilizopinda, zisizofaa kupepetea. Alinipa saba, akaingia mwenyewe kunisaidia kuzitundika, kubwa katikati, ndogo pembeni. Hakutaka chochote.

Jumapili moja tulitembelewa na mke wa mkubwa wa mume wangu kazini, anayekaa Kigobe, mtaa wa matajiri. Nilikuwa nimemwalika jirani pia. Mgeni akasimama mbele ya ukuta.

"Eh, c'est joli, nzuri kweli! Nani alisuka hizi?"

"Ni mi mwenyewe," nikasema.

Nilitaka anione mtu mwenye kipaji, si mke wa karani tu. Jirani alikuwa kwenye kiti pembeni yangu. Mgeni akaomba nimsukie nne.

Kesho yake nikamfuata jirani uani.

"Mama, naomba unisukie nne. Nitakulipa."

Hakuinua uso. "We si unajua kusuka? Leta kiti, mi nitakuonyesha pale umesahau."

Nikakaa. Siku tatu nilisuka naye, vidole vikachanika, na ungo wangu ukajikunja kama kofia. Kila nilipokosea aliufumua polepole, bila kunikaripia, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Siku ya nne nikauweka chini.

"Mama, nilisema uongo. Unisamehe."

"Nilisikia," akasema. "Nyungo si kitu. Lakini ulisema mi nikiwa pale, kama vile mi siko mutu."

Nikampigia mgeni simu palepale, nikamwambia ukweli. Akaomba kuzungumza na aliyezisuka. Siku hizi jirani anapata kazi nyingi kutoka Kigobe, na tukikutana uani ananisalimia vizuri. Ila nikimkaribisha ndani anasema ana haraka. Nimeshamkaribisha mara nyingi. Sijui nimwambie nini kingine.