Vigae Vyangu vya Makapi ya Miwa

Jamani, mimi ndiye niliyekosa, si mvua wala si jirani. Naandika bila jina kwa sababu nikiuona uso wa shangazi yangu, ulimi unakwama.

Natengeneza vigae vya kuezekea nyumba hapa Lubao. Saruji, mchanga, maji na nyuzi fupi za katani. Nyuzi hizo ndizo hukishika kigae kisipasuke. Shangazi, mjane aliyenilea, alitaka nyumba yake mpya iezekwe kabla wakwe hawajaja kumposa binti yake. Katani ikaniishia! Badala ya kungoja, nikachukua makapi ya miwa, yale mabichi yanayonata mikononi. Nikajiambia nyuzi ni nyuzi.

Ujinga wangu! Sukari na saruji hazipatani kabisa. Vigae vilikataa kukomaa, nikasingizia baridi. Nilipovigonga kwa kidole havikulia kama vigae vizuri vinavyolia. Hata hivyo nikaezeka. Wakwe wakaja, wakasifu, nami nikavimba kichwa.

Kisha ikaja mvua ya mawe, ile tunayoijua sana sisi wa Kakamega. Paa likatobokatoboka. Kigae kimoja kikamvunja shangazi bega. Sasa hawezi hata kusonga obusuma, ugali wetu. Binti yake ndiye anayemvisha nguo.

Afadhali yangeishia hapo. Nilikwenda hospitalini nikiwa tayari kusema yote, lakini akanitangulia: "Mwanangu, usijilaumu. Ni Mama Rispa amenitumia hiyo mvua. Kwao huitanga mvua, kila mtu anajua."

Mama Rispa ni jirani yake, mzaliwa wa ukoo unaosemekana kuita mvua. Nami, Mungu anisamehe, nikaitikia, "Ni kweli, senge," kama tunavyomwita shangazi kwetu.

Ni kweli! Mwoga mimi!

Jumapili, shangazi akiwa amesharudi nyumbani, Mama Rispa alileta ingokho, kuku wa kumpa mgonjwa pole. Shangazi akamfukuza mlangoni mbele ya watu wa kanisa. Yule mama akanigeukia. "Wewe fundi, si uwaambie? Hata mabati yangu yamepigwa na mvua hiyo hiyo!"

Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Mafundi wenzangu, katani ikiisha, mwambie mwenye nyumba angoje. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilinyamaza, na sasa watoto wa Mama Rispa wanaitwa watoto wa mchawi huko shuleni.