Taa Iliyomtangulia Baba

Sina wa kulaumu. Fundi wa sola kule Kitale aliniambia nichukue taa ndogo inayowaka mtu akipita tu, tena niielekeze chini isisumbue majirani. Mimi mjuaji nikabeba ile kubwa, ili baba, aliyetoka hospitalini juzi, asijikwae akienda choo. Nikasahau kwamba kwetu Kanduyi, boma likiwaka taa usiku kucha, watu wanajua kuna matanga.

Asubuhi, jirani yetu Mama Nekesa akaingia na kuni kichwani, macho yamejaa machozi. Nikadhani taa imemnyima usingizi.

“Nisamehe, mama. Leo nitaizima.”

“Ati uizime? Na mzee bado hajazikwa?”

Nikageuka. Baba alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake, akiziangalia kuni za matanga yake mwenyewe.