Kopo la Mama kwenye Kiti cha Nyuma

Mimi kwa mambo ya gari sina subira. Likinguruma, naongeza sauti ya redio. Ndiyo maana fundi wangu wa Kimandolu aliponiambia, "Dada, fleksi imekufa," sikumpa hata nafasi ya kueleza. Fleksi ni kile kipande cha egzosi kinachonyumbuka, ili injini ikitikisika bomba lisikatike. Alitaka nisubiri mpaka kesho yake apate nyingine. Mimi nilikuwa nawahi kikao cha harusi.

"Kata, chomelea bomba la kawaida," nikamwambia. "Na hizo raba za kushikilia bomba zilizolegea, funga waya."

"Litakatika hili, dada."

"Likikatika nitakuletea."

Lilipoanza kunguruma sikumpelekea. Niliongeza redio.

Kila mwezi nilikuwa namfuata mama Kikatiti, nimlete kliniki ya presha mjini. Mama hakai mbele, anasema mkanda unamkaba. Anakaa nyuma na kupandisha kioo mpaka juu kwa kuogopa upepo, mimi changu nimekishusha. Miezi hiyo akaanza kuumwa kichwa njiani, na tukifika Makumira anatapika. Mara ya kwanza nilimhurumia. Mara ya tatu alichafua kiti, nikamfokea. Nilimwambia wenzake wa umri ule wanapanda ndege, yeye Kikatiti hadi mjini tu inamshinda. Alifuta kiti kwa kanga yake, akaniomba msamaha. Mama yangu mzazi, akaniomba msamaha mimi.

Safari iliyofuata alikuja amepakata kopo tupu la majarini, na mfuniko wake.

Kelele zilipoishinda redio nilirudi kwa fundi. Bomba lilikuwa limepasuka chini ya kiti cha nyuma. Akafunua kapeti: sakafu imeliwa na kutu, tundu la kupitisha kidole, na masizi meusi yametanda pale mama anapoweka miguu. Hakunikumbusha alichoniambia. Aliuliza tu, "Huku nyuma huwa anakaa nani?"

"Mizigo," nikasema.

Mpaka leo sijui kwa nini nilisema vile. Nadhani niliona aibu kulitaja jina la mama mbele ya yale masizi. Alifunga fleksi mpya na raba mpya, akaziba sakafu. Nilisubiri siku mbili bila kulalamika.

Siku ya kliniki mama alitoka na kopo lake. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia tangu nyumbani: mama, halikuwa tumbo lako, ulikuwa moshi, na ni mimi. Tukapita Usa River namwangalia kwenye kioo. Tukapita Makumira, ametulia, anatazama wanafunzi barabarani. Tulipofika Kimandolu alifungua mfuniko, akachungulia ndani, akafunga.

"Leo sijakusumbua, mwanangu," akasema. Alikuwa na furaha kabisa.

"Kweli, mama," nikamjibu. "Leo umejitahidi."