Matofali Yaliyobaki Upande Wetu

Kuna siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na si siku ya kujivunia. Ni siku mwalimu mkuu wa shule yetu alipokuja nyumbani mchana, viatu mkononi kwa sababu ya tope, kuniomba matofali. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, tumetoka tu kumzika baba, na kichwa changu kilikuwa kigumu kupita kiasi. Kaa vizuri nikueleze.

Shule ya kijiji chetu siku hizo ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa nyasi. Watoto walikaa chini, na mvua ikianza, nawe unazijua mvua za Kyela, mwalimu alifundisha huku anawahamisha kutoka kona hii kwenda ile. Mdogo wangu Tumpe alikuwa anaingia darasa la saba. Mama alitutoka mapema, baba naye ndiyo hivyo, kwa hiyo Tumpe alikuwa mikononi mwangu. Akili aliyokuwa nayo, we acha tu! Jirani akipata barua, msomaji ni Tumpe. Mwalimu alisema wazi kwamba kama yupo mtoto wa kwenda sekondari kutoka shule ile, ni yeye. Na enzi hizo walichukuliwa wachache sana, si kama ninyi.

Kijiji kikaamua kujenga madarasa ya matofali ya kuchoma. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba kila kitongoji kinafyatua matofali yake, kinapanga tanuru lake na kulichoma, halafu watu wote wanayabeba kichwani hadi kiwanjani. Upande wetu msimamizi wa tanuru nilikuwa mimi. Sasa, baba alipokuwa hai alikuwa ametoa shamba lake la kando ya barabara liwe kiwanja cha shule. Kikao kikakaa, kikasema hapana, pale maji ya masika yanatuama, shule ijengwe ng'ambo ya kijito, kwenye mwinuko. Walisema kweli kabisa. Baba mwenyewe angekubali. Lakini mimi niliona wamemtukana marehemu baba yangu.

Nikawaambia watu wa upande wetu kwamba matofali yetu hayavuki kijito. Wenye watoto walisitasita. Nikawazidi kwa maneno, maana mdomo nilikuwa nao, hata mke wangu atakuambia. Tukagawana lile tanuru. Mimi nikachukua fungu kubwa, nikaanza kujenga nyumba, kwa kuwa nilikuwa nataka kuoa.

Hapo ndipo mwalimu alipokuja. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Asajile," akasema, "kuta zimeishia kwenye madirisha. Bila matofali yenu hatuwezi kuezeka kabla ya masika. Na Tumpe ana mtihani mwaka huu."

"Mwalimu, wewe ni mgeni hapa," nikamjibu. "Mwakani utahamishwa. Mambo ya kijiji tuachie wenyewe."

Akanitazama kidogo, hana hasira hata chembe. "Ni kweli nitahamishwa," akasema. "Ndiyo maana nakuonea huruma wewe utakayebaki."

Akaokota viatu vyake akaondoka. Nami nilicheka, mwanangu. Nilicheka kwa sauti kusudi anisikie.

Masika yakaja. Jumapili moja tukiwa kanisani, ukuta wa shule ya zamani ukalala chini na paa likaufuata. Tulishukuru kwamba hakuwamo mtoto. Kule ng'ambo kuta mpya zilikuwa bado wazi, majani yameota ndani. Wazee wa kanisa wakatoa jengo lao, lakini halikutosha madarasa yote, basi darasa la saba wakawa wanasomea kibarazani kwa zamu, na mvua ikizidi wanarudishwa nyumbani. Wiki baada ya wiki namwona Tumpe amerudi mapema, daftari kalifungia ndani ya jani la mgomba, anakaa mlangoni anasoma peke yake. Akiniuliza jambo la hesabu nilikuwa sijui. Namfukuza akapike.

Majina yalipotoka, shuleni kwetu hakuchaguliwa hata mtoto mmoja. Tumpe alirudi, hakulia, akachukua jembe akaenda shambani. Mwaka wa tatu akaolewa.

Leo ukipita pale utaona mabati, umeme, madawati, mabinti wamevaa sare safi. Nafurahi, sitaki kusema uongo. Lakini shule imeendelea, Tumpe akabaki. Amelima mpunga na kokoa mpaka mgongo umepinda, na barua za majirani bado anasoma yeye.

Mwaka jana mjukuu wake alisoma risala kwenye mahafali. Nilikuwa nimekaa karibu na Tumpe, nikaona midomo yake inafuata kila neno la yule mtoto. Nikashindwa. Nikamwambia palepale kwamba ni mimi niliyezuia matofali mwaka ule, jambo nililojidanganya kwamba hakulijua kwa kuwa alikuwa mtoto, na kwamba naomba anisamehe.

Hakugeuka. "Kaka, nilijua," akasema. "Nyumba yako si nilihamia nami? Kila nikilala nilikuwa nautazama ule ukuta."

Miaka yote hiyo, mwanangu! Ananiletea ndizi, ananiuguza, anawalea wanangu, na anajua. Akaniambia, "Nilikusamehe zamani. Ila kusoma nilitaka sana." Basi. Akaendelea kumpigia makofi mjukuu wake, na mimi nikalia mbele za watu, mzee mzima.

Sasa nakuambia wewe haya kwa sababu nimesikia mnagombania mahali pa kujenga bweni la wasichana, na kwamba umeapa mchanga wa upande wenu hautatoka. Sikukaripii. Huenda una haki, huenda walikudharau kikaoni. Lakini wewe unaweza kununa miaka kumi na usipungukiwe kitu. Mtoto wa darasani ana mwaka huu tu, ukipita haurudishwi na radhi wala machozi. Ukiwakasirikia wakubwa wenzako, wakasirikie wao, uwatukane hata mimi nikiwepo. Mchanga upeleke kesho asubuhi, na uubebe wewe mwenyewe, wakuone.

Ndaga, asante kwa kunisikiliza. Nenda salama. Mungu aulainishe moyo wako ungali kijana, si kama wangu alioulainisha uzeeni, na akujalie watoto wasiolazimika kukusamehe.