Kijani Chini ya Gome

Juzi nilishuka Nyamuswa kumsalimia shangazi. Nikamkuta stendi na magunia yake ya mkaa, anasubiri gari la Musoma. Midomo ya magunia ilikuwa imezibwa kwa vijiti vya mkole. Nilichomoa kimoja, nikakikwangua kwa ukucha kama bibi alivyonifundisha.

Mkole unaujua, kichaka kile chenye vitunda vitamu vya kumung'unya. Kiangazi kikishika unapukutisha majani yote, zinabaki fito za kijivu. Mwaka mmoja nilipokuwa mdogo sabuni haikuonekana dukani, nguo tulifua kwa maji ya majivu, na majivu yalitaka kuni. Nilitumwa kuni. Nilikuwa mwoga wa kwenda mbali, basi nikakata mikole yote ya nyuma ya zizi, nikidhani imeshakufa. Nilirudi na mzigo mkubwa nikingoja kusifiwa.

Bibi alijaribu kuvunja ufito mmoja. Ukapinda tu. Akaukwangua, na chini ya gome palikuwa kijani kabisa.

"Mke mwenza," alisema, maana ndivyo alivyokuwa ananiitaga, "umekata chakula cha mbuzi."

"Si imekauka, bibi?"

"Imetupa majani isimalize maji. Hata wewe ukishinda njaa unaacha kuruka kamba."

Mama alikuwa anaumwa, maziwa yamemkauka, na mdogo wangu mchanga aliishi kwa maziwa ya mbuzi wetu mmoja. Kila mwaka mikole ilichipua kabla ya mvua, wakati majani mengine hakuna popote, na mbuzi alivuka kiangazi kwa majani hayo.

Jirani alicheka kutoka ng'ambo ya ua: "Mwangalieni fundi kuni! Kesho atakata na nguzo za nyumba!"

Kila asubuhi kabla ya shule nilikwenda kuchungulia visiki. Nikaviletea maji ya kufulia, bibi akanizuia. "Acha. Mizizi inajua maji yako wapi." Maziwa yalishuka kutoka kikombe hadi nusu, kisha yakawa ya kufunika chini tu. Mtoto alilia kwa sauti nyembamba, nami darasani niliisikia hata isipokuwepo.

Siku moja, mawingu bado hayajaonekana, visiki vya upande wa kichuguu vilitoa vichipukizi vyekundu. Vya upande wa njia havikuamka tena. Bibi alichuma majani kidogo kidogo kwa mkono wake, visiki visichoke, akamlisha mbuzi. Mtoto akavuka.

Bibi hayupo tena. Zizi halipo. Sabuni sasa imejaa dukani, na mkaa huu ndio unaomlipia ada mdogo wangu yule yule.

Kijiti mkononi mwangu kilikuwa bado kijani.

"Shangazi, visiki mnaviachaga?"

"Tuviache vya nini? Mizizi ndiyo inatoa mkaa mzuri."

Nilikirudisha kijiti kwenye gunia, nikatazama juu kutafuta wingu.