Paipu ya Kurudisha Petroli

Nilichora mfumo wa petroli wa ndege yetu mara sita, nikabandika mchoro wa mwisho ukutani mwa banda la wazazi wetu kule Kola. Tuliijenga wawili: mimi, ninayefundisha umekanika katika chuo kimoja mjini Machakos, na kaka yangu mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma. Injini tuliitoa kwenye gari lililopata ajali.

Injini ya namna hiyo huletewa petroli nyingi kuliko inayochoma, na inayobaki hurudi kwenye tangi. Sisi tulikuwa na matangi mawili, moja katika kila bawa. Kwa hiyo nilitaka valvu ya kugeuza paipu mbili kwa pamoja: ukichota tangi la kushoto, ya ziada irudi kushoto, ukichota la kulia, irudi kulia. Nilimweleza kaka haya yote, akaitikia kwa kichwa.

Valvu ilichelewa. Mimi ningengoja. Yeye alikuwa amewaahidi watu wa kanisa kwamba Jumamosi wataiona ndege ikitembea shambani. Ijumaa, nikiwa darasani, alifunga valvu ya kawaida, inayogeuza paipu moja tu, na ile paipu ya kurudisha akaielekeza tangi la kulia moja kwa moja. Hakuniambia neno.

Jumamosi tulijaza matangi yote mawili. Nikaketi, nikafungua la kushoto, nikawasha. Watu walipiga makofi. Nilienda polepole hadi mwisho wa shamba, nikarudi, nikaiacha ingurume huku nikitazama geji za petroli. Tangi la kushoto lilikuwa linashuka upesi mno. Kabla sijaelewa, nilimwona mama amesimama chini ya ncha ya bawa la kulia, anajipangusa bega. Petroli ilikuwa inabubujika kwenye tundu la hewa la tangi na kumlowesha leso mpaka kiunoni. Ekzosi, bomba la moshi la injini, ilikuwa na moto, hatua chache tu kutoka hapo.

Nilizima injini, nikamkokota mama hadi kwenye pipa la maji, nikamvua leso mbele ya wazee wa kanisa na kummwagia maji ndoo baada ya ndoo. Alisema tu kwamba mgongo unamwasha.

Kisha nilirudi kwenye ndege, nikaifuata ile paipu kwa vidole mpaka nikaona ilikoishia: tangi la kulia, lililokuwa limejaa tayari. Kaka alikuja akasimama nyuma yangu.

"Si petroli ni petroli tu," akasema. "Iingie tangi lolote."

"Mchoro uliuona?"

"Niliuona. Lakini watu wangekuja wakute nini?"

Nilikuwa na spana mkononi, na nilitaka kumpiga nayo. Niliitupa kwenye nyasi. Nikamwambia, watu wake wakisikia, kwamba alikuwa tayari kumchoma mama yetu ili apigiwe makofi. Akajibu kwamba nimemwaibisha. Aibu ndiyo iliyomuuma, si ngozi ya mama iliyokuwa imeanza kubabuka.

Valvu ilipofika niliifunga peke yangu, na petroli ikarudi ilikotoka. Mama, mgongo wake ukiwa umepona, huniomba nimsamehe kaka. Bado sijaweza. Juzi kaka aliuliza kama aje kuchomelea mguu wa gurudumu uliopasuka. Nikamwambia aje, maana anachomelea vizuri kuliko mimi. Alifika, nikamwonyesha ufa, kisha nikaweka kiti kati yake na paipu zangu, nikakaa hapo mpaka akamaliza.